Gari Inakumbuka Nini, na Inakumbukia Wapi

Ukiwasha gari iliyoteremshwa bandarini Malindi wiki hii, mara nyingi wa kwanza kukusemesha ni mwanamke wa Kijapani. Kwenye gari nyingine anaanza kwa kukutajia tarehe ya leo, kisha anakwambia kwa adabu zote kwamba kadi ya ETC haijatiwa. Watu wa Unguja na Pemba wameshamzoea bibi huyu, na wapo wanaomwitikia "marhaba". Lakini wapo pia waliokimbilia gereji wakidhani injini inalalamika. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za mwendo kasi za Japani bila kusimama: dereva anatia kadi kwenye kisanduku kidogo, gari inapita getini, pesa zinakatwa. Huku kwetu, kutoka Mkokotoni mpaka Makunduchi, hakuna geti la kulipia barabara, basi kisanduku kinabaki kuuliza kadi ambayo haitakuja. Kimefichwa ndani ya droo ya dashibodi au chini ya usukani. Ukichomoa plagi yake sauti inakwisha, na gari haidhuriki kwa lolote.

Hilo la kutodhurika ndilo la kuzingatia. Tumezoea kusema "kompyuta ya gari" kana kwamba ni moja, na ikiguswa kila kitu kimeguswa. Ukweli ni kwamba hata Vitz au IST ya kawaida ina visanduku kadhaa vya kompyuta: cha injini, cha giaboksi, cha breki, cha eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga watu ajalini), cha milango na taa, na kilichoko nyuma ya mishale ya dashibodi. Redio nayo ni kompyuta kamili. Vingi kati ya hivyo vinazungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa utaratibu uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Ni kama maduka ya Darajani: yamebanana ubavu kwa ubavu, wenyewe wanaitana na kupashana habari kutwa, lakini kila mwenye duka ana daftari lake. Kinachofutwa kwenye daftari moja hakifutiki kwa jirani. Kwa hiyo akitokea mtu kukwambia kwamba "ameshafuta kompyuta", muulize: ipi?

Dawa ya kung'oa betri

Mafundi wetu wengi wana dawa moja ya kila maradhi: ng'oa waya wa betri, kunywa chai, rudisha. Dawa hiyo inafanya kazi, ila kazi yake watu hawaijui vizuri. Inafuta kumbukumbu zile zinazoishi kwa umeme wa kudumu: saa, vituo vya redio, na yale ambayo kompyuta ya injini imejifunza yenyewe. Injini za siku hizi zinajifunza kweli. Kompyuta inasoma sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, inajua petroli inaungua vipi, na inaongeza au kupunguza kidogo kidogo mpaka ipate kipimo cha injini hiyo hiyo, pamoja na uzee wake na uchafu wake. Ukikata betri, elimu hiyo inapotea. Ndiyo maana baada ya kuirudisha gari inaweza kutetemeka ikiwa imesimama, au kuzima ukikanyaga breki, au vioo vya umeme vikakataa kupanda kwa mguso mmoja. Vioo vina utaratibu wake wa kufundishwa upya. Injini, kama haina ugonjwa mwingine, hutulia yenyewe baada ya kuendeshwa.

Isichokifuta betri ni vingi zaidi. Kilomita hazifutiki. Funguo zilizoandikishwa hazifutiki. Rikodi ya ajali ndani ya kisanduku cha eabegi haifutiki. Majina ya watu waliomo ndani ya redio aghalabu hubaki pale pale. Ila taa ya injini, hasa kwenye gari zilizozeeka kidogo, inazimika, na hapo ndipo panapochezwa mchezo.

Taa ile ya manjano yenye umbo la injini inawaka pale kompyuta inapoandika msimbo wa hitilafu. Msimbo una herufi moja na alama nne mbele yake. P ni injini na giaboksi, B ni bodi, C ni breki na mambo ya chini ya gari, U ni visanduku kushindwa kuzungumza. P0300 maana yake silinda zinakosa moto ovyo ovyo. P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. P0420, katalisti haisafishi moshi inavyotakiwa. Ikiwa taa imetulia, unayo nafasi ya kufika nyumbani na kupanga. Ikiwa inapepesa, silinda inakosa moto kiasi cha kupitisha petroli mbichi kwenye katalisti na kuiunguza. Punguza mwendo na usimame karibu.

Sasa, msimbo unataja dalili. Hautaji kifaa cha kununua. Chukua huo P0171. Unaweza kutoka kwa mpira wa hewa uliopasuka baada ya kichujio, kwa sensa ya hewa iliyoshika vumbi, au kwa pampu ya petroli iliyochoka. Gari inayopita kila siku njia za kifusi za vijiji vya kusini au mashamba ya Pemba, vumbi jeupe limejaa hata kwenye bawaba za milango, ningeanzia kwenye sensa ya hewa. Kuisafisha kwa dawa yake ya kupuliza ni gharama ndogo sana mbele ya bei ya pampu. Fundi anayetoa macho kwenye kioo cha mashine ya kusomea misimbo na papo hapo kukutajia bei ya pampu hajapima, amesoma tu.

Soketi ya kusomea iko chini ya usukani, usawa wa goti, ina matundu 16. Marekani iliilazimisha kwa gari zote kuanzia modeli za 1996, Ulaya ikafuata kwa gari za petroli mwaka 2001. Gari zilizotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000 huweza kuwa na soketi ya umbo hilo hilo lakini zikasema lugha nyingine, ndiyo maana kile kifaa rahisi cha ELM327 kinachounganishwa na simu hufanya kazi kwenye gari ya jirani na kugoma kwenye Spacio yako. Kifaa si kibovu. Hawaelewani.

Kwa anayenunua gari mkononi, kifaa hicho kina faida moja ambayo sioni watu wakiitumia. Muuzaji akifuta misimbo asubuhi ili taa isiwake ukija kutazama mchana, kompyuta haifichi jambo hilo. Kuna orodha ya majaribio ambayo gari hujifanyia yenyewe ikiendeshwa: jaribio la katalisti, la sensa za oksijeni, la mvuke wa petroli. Misimbo ikifutwa, au betri ikikatwa, majaribio yote hurudi kuwa "hayajakamilika", na huchukua siku za kuendeshwa kukamilika tena. Programu nyingi za simu huonyesha orodha hiyo. Gari nyingi huonyesha pia zimekwenda kilomita ngapi tangu misimbo ifutwe. Ukiambiwa "gari hii haijawahi kuguswa" na mashine ikasema kilomita 4, utajua mwenyewe la kumwambia.

Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi picha ya dakika ile ya hitilafu: mwendo ulikuwa ngapi, injini inazunguka kiasi gani, joto lake, mzigo wake. Mkataze fundi kufuta kabla hajaiandika mahali. Hitilafu inayotokea tu injini ikiwa baridi inatafutwa kwingine kabisa na ile inayotokea ikiwa moto, na picha hiyo ndiyo inayokwambia ni ipi.

Kilomita na miaka ya Kijapani

Kilomita huandikwa kwenye kisanduku cha dashibodi, ndani ya kipande kidogo cha kumbukumbu kisichohitaji umeme ili kubaki na maandishi. Betri haikigusi. Lakini mwenye vifaa na ujuzi anaweza kukiandika upya, na wapo wanaofanya kazi hiyo. Kwenye gari nyingine visanduku vingine navyo hutunza hesabu yao, kama vile cha breki au cha giaboksi, na mashine nzuri hukuonyesha hesabu zisipolingana.

Njia rahisi zaidi ni karatasi. Japani gari binafsi mpya hukaguliwa ikitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na kilomita huandikwa. Cheti cha kusafirisha gari nje hubeba kilomita hizo, na karatasi ya mnadani nayo ina zake. Ziombe zote mbili, na uziombe za Kijapani zenyewe, usitosheke na tafsiri iliyopigwa chapa na muuzaji. Miaka yake isikutishe: kwenye enzi ya Heisei ongeza 1988, kwenye Reiwa ongeza 2018. Heisei 22 ni 2010. Reiwa 3 ni 2021. Kisha inama utazame raba ya pedali ya breki. Gari ya kilomita elfu sitini haiwi na pedali iliyolika mpaka chuma.

Redio ndiyo yenye siri

Eabegi, breki, injini, vyote hivyo vinajua mambo ya gari. Redio inajua mambo yako.

Nianze na kero maarufu kabla ya siri. Redio nyingi za Toyota zenye ramani zimefungwa dhidi ya wizi. Umeme ukikatika, redio hudai kadi ndogo ya ramani iliyotoka nayo Japani, au namba ya siri. Kadi hiyo mara nyingi imeshapotea kabla gari haijafika yadini, au mwenyewe umeichomoa ukaitumia kwenye simu kwa kuwa "ramani ya Tokyo ya nini". Matokeo yake unabadilisha betri ya shilingi kadhaa na kupoteza redio pamoja na kamera ya nyuma, maana kioo ni hicho hicho. Wapo wanaoweza kukokotoa namba ya kufungulia kwa kutumia namba inayotokea kiooni, kwa malipo. Nafuu ni kuiacha kadi mahali pake na kumwambia fundi aunge umeme wa akiba kabla ya kutoa betri. Anayeng'oa waya bila kukuuliza anakutafutia gharama.

Na zile stesheni zisizoshika: FM ya Kijapani ilipangwa kuanzia 76 hadi 90, baadaye ikaongezwa hadi 95. Sisi tunatumia mpaka 108. Kifaa kidogo kinachotiwa kwenye waya wa antena, nyuma ya redio, husogeza masafa. Kikiwa kinasogeza kwa 20, stesheni ya 98 utaikuta 78. Redio haijaharibika, imehamishwa nchi.

Sasa siri. Ukiunganisha simu kwa Bluetooth, redio hukuomba ruhusa ya kunakili majina, na wengi hubonyeza ndiyo ili lile swali liondoke. Kuanzia hapo majina, namba na orodha ya simu ulizopiga huweza kubaki ndani ya redio. Ingia kwenye Rav4 yoyote ya kukodisha kule Paje au Nungwi, fungua orodha ya simu zilizounganishwa: utasoma majina ya wageni wa mataifa yote waliowahi kuishika, moja chini ya jingine, na mwisho wa orodha jina la kijana wa ofisi. Kwenye gari zenye ramani utakuta sehemu zilizotafutwa, na kwa gari iliyotoka Japani moja kwa moja, kitufe cha "nyumbani" huweza kukuonyesha nyumba ya mtu ambaye hujapata kumwona. Hatutajali ya kwake, lakini ya kwetu yatasomwa vivyo hivyo na atakayenunua baada yetu. Daktari anayeuza gari na namba za wagonjwa ndani, mwalimu na namba za wazazi wa skuli nzima, hao wametoa kitu kisichokuwa chao.

Dawa yake ni sehemu ya mipangilio inayorudisha redio kama ilivyotoka kiwandani. Kama kioo kiko kwa Kijapani, simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera inatosha. Ila kumbuka ile namba ya siri ya wizi kabla hujabonyeza chochote. Kamera za dashibodi nazo ni vivyo hivyo: nyingi zinakuja na kadi yenye video za mwenye gari wa mwanzo, na zitaendelea kurikodi barabara za Bububu na Chwaka, pamoja na mazungumzo yenu, mpaka mtu azime kipaza sauti.

Gari zenye laini yake ya simu ni jambo jingine tena. Toyota ya Japani ina huduma iitwayo T-Connect, ambayo gari hupeleka taarifa kwenye kompyuta za kampuni. Tarehe 12 Mei 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba taarifa za wateja wapatao milioni 2.15 wa Japani, zikiwamo za mahali gari zilipokuwa, zilikaa wazi kwa takriban miaka kumi, kuanzia Novemba 2013 hadi Aprili 2023, kwa sababu ya mpangilio mbaya wa seva. Gari iliyohamia Zanzibar haiendelei na huduma hiyo, hivyo hofu ya kusikilizwa kutoka Tokyo haina msingi mkubwa. Kinachofuatilia gari za hapa ni kifaa cha GPS kilichofungwa na mwenye gari ya kukodisha au aliyekukopesha, na huyo anajua umelala wapi.

Kisanduku cha eabegi nimekitaja juu juu. Kwa kawaida kimekaa sakafuni katikati ya gari, karibu na mkono wa gia. Kwenye gari nyingi za karibuni huhifadhi sekunde chache za kabla ya kugonga, kwa kawaida tano: mwendo, breki ilikanyagwa au la, pedali ya mafuta, mkanda ulifungwa au la. Hakirikodi sauti wala safari zako. Ulaya imekilazimisha kwa modeli mpya tangu Julai 2022 na kwa gari zote mpya tangu Julai 2024. Hapa kwetu kinatokea kwa sura nyingine: gari iliyowahi kugongwa, eabegi zimefyatuka, kikatengenezwa kiini macho, na taa ya eabegi kwenye dashibodi ikaunganishwa na taa nyingine ili izime pamoja nayo. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime peke yake, kwa wakati wake. Isipowaka kabisa, hapo pana mkono wa mtu.

Taa: kilichomo kwenye kompyuta na kilichomo kwenye skrubu

Kwenye taa ndipo watu wanapochanganya zaidi, kwa sababu nusu ya mipangilio iko kwenye kompyuta na nusu iko kwenye chuma na plastiki, na hakuna mashine ya kutibu skrubu.

Kuna kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, mkono wa kulia wa usukani, chenye namba kuanzia 0 hadi 5 na alama ya taa. Kiulize gereji nzima utaambiwa ni cha kuongeza mwanga. Sicho. Ni cha kushusha taa. Sifuri ni ya dereva akiwa peke yake. Gari ikijaa watu na mizigo, nyuma inazama, pua inainuka, na taa zinaelekea juu, basi unazungusha kwenda namba kubwa ili zishuke zilipokuwa. Fikiria Noah inayotoka uwanja wa ndege saa tatu usiku kwenda Nungwi: wageni saba, masanduku yamejaa nyuma, kigurudumu kiko sifuri tangu Yokohama. Dereva amewasha dimu kwa uungwana wake wote, na kila anayekuja mbele anampigia fulu akidhani yeye ndiye mwenye fulu. Wanajibizana hivyo mpaka Mahonda. Gari zenye taa kali za kiwandani hazina kigurudumu hicho kwa sababu zina sensa karibu na ekseli ya nyuma inayoshusha taa yenyewe. Ni kifaa kilicho chini ya gari, kwenye maji ya chumvi na vumbi, na mkono wake ukivunjika taa hubaki zilipo.

Ukitaka kujua taa zako zinaelekea wapi, tafuta ukuta na kiwanja cha sawa baada ya magharibi. Hakikisha upepo wa tairi ni sawa, kigurudumu kiko sifuri, na mtu ameketi kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari karibu na ukuta, weka alama ya chaki usawa wa katikati ya taa. Rudi nyuma mita 10, washa dimu. Mstari unaotenganisha mwanga na giza unatakiwa uwe chini ya chaki kwa takriban sentimita 10. Tazama pia umbo lake: upande wa kulia mstari umelala, upande wa kushoto unapanda juu. Ule mpando wa kushoto umewekwa makusudi, uangaze ukingo wa barabara yetu anakopita mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli, huku upande wa kulia ukimstahi anayekuja.

Umbo hilo limechorwa kwenye kioo na kwenye kiakisi cha taa. Gari iliyotengenezwa kwa nchi zinazokwenda kulia, kama zile zinazopitia Dubai, ina mpando upande wa kulia, yaani moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Ukikaza skrubu ya kurekebisha unashusha mwanga wote, umbo halibadiliki. Ni hivyo hivyo ukinunua taa moja iliyotumika bila kutazama ilitoka gari ya usukani upande gani. Kabla hujalipa, iwashe mbele ya ukuta.

Balbu za LED zinazouzwa kama "mwanga wa theluji" zina hadithi yake. Taa iliyotengenezwa kwa balbu ya H4, ile ya wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, imepimwa kwa mahali hasa waya mwembamba wa ndani unapowaka. Ukitia balbu ambayo mwanga wake unatoka mahali pengine kidogo, kiakisi hutawanya. Dereva anaona kweupe mbele ya bonneti na kufurahi, huku mwanga wa mbali umepungua na wa machoni mwa wenzake umeongezeka. Wengi wanaolalamika taa hafifu wanachohitaji ni kusafisha kioo cha taa kilichogeuka manjano kwa jua letu, au kupima umeme unaofika kwenye balbu, maana plagi zilizoshika kutu ya chumvi huula njiani.

Kilichoko kwenye kompyuta ni kingine. Swichi ya AUTO hutegemea sensa ndogo, kama kifungo cheusi, juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele. Ukiifunika kwa lile zulia la manyoya, au ukipaka kioo tinti nzito, gari inadhani ni usiku na kuwasha taa saa saba mchana. Japani imetaka modeli mpya za gari za abiria tangu Aprili 2020 ziwe na taa zinazojiwasha zenyewe, kwa hiyo gari mpya zaidi zinazofika hazina njia ya kuzima taa kabisa ukiwa unaendesha gizani. Usimlipe mtu kuitengeneza. Muda wa taa kukusindikiza mpaka mlangoni baada ya kufunga gari, na wepesi wa sensa kuwasha, hubadilishwa kwenye kioo cha gari au kwa mashine, na vinakaa kwenye kisanduku cha bodi.

Fulu inayojipandisha na kujishusha yenyewe ningeizima kwenye barabara za vijijini. Kamera yake hutafuta taa za gari nyingine. Mzee anayetoka msikitini kwa miguu baada ya isha, au kijana mwenye baiskeli isiyo na taa, hana cha kuiambia kamera, na atapigwa fulu mpaka mpitane.

Mengine kwa haraka

Ile herufi A iliyozungukwa na mshale ni ya kuzima injini kwenye foleni. Inataka betri ya aina yake, yenye maandishi kama M-42 au Q-85. Ukitia ya kawaida ya vipimo hivyo hivyo, itakufa mapema. Kama foleni yako kubwa ni ya Mwanakwerekwe siku ya soko, na kiyoyozi ndicho unachokitaka, kuna kitufe cha kuuzima mfumo huo.

Kamera ya kuzuia kugonga, ambayo Toyota ilianza kuiweka mwaka 2015 kwa jina la Toyota Safety Sense, imekaa nyuma ya kioo cha mbele juu kabisa. Stika ikibandikwa mbele yake inapofuka. Kioo kikibadilishwa lazima ipimwe upya, la sivyo inatazama pasipo. Sehemu yake ya kukuonya ukitoka kwenye mstari inahitaji mstari uliochorwa, kwa hiyo njia nyingi za ndani itanyamaza, na kunyamaza huko si ubovu.

Funguo ndizo watu wanazozisahau. Kisanduku cha kuzuia wizi kina orodha ya funguo zilizoandikishwa, na mashine ya kutosha huonyesha idadi yake. Ukikabidhiwa ufunguo mmoja na orodha ikasema mitatu, miwili iko kwa watu usiowajua, na kila mmoja unawasha gari yako. Mwambie fundi afute yote, kisha aandikishe ulio nao mkononi, na kama mfuko unaruhusu aandikishe na wa akiba siku hiyo hiyo, kwa sababu kwa gari nyingi kuongeza ufunguo ukiwa nao mmoja ni kazi ndogo, na kuanza bila hata mmoja ni kazi kubwa yenye bei yake.